Nani Alikupa Timu? Msimbazi Hadi Jangwani kwa Miguu

HEBU nikuulize swali la kizushi, msomaji wangu. Wewe ni Simba au Yanga?

Najua jibu limekutoka hata kabla sijafunga mdomo. Haya, la pili: nani alikupa hiyo timu? Ahaa! Hapo ndipo watu wanapoanza kukuna kichwa na kuangalia dari.

Mimi swali lilinikuta mezani, usiku, nimetulia na ugali wangu na dagaa wa Kigoma. Mwanangu wa kiume, miaka tisa, akaweka tonge chini. "Baba, shuleni wananiuliza sisi ni nani. Nimewaambia sijui."

Sijui! Mtoto kazaliwa Dar es Salaam, kakulia Dar es Salaam, yuko darasa la tatu na hajui yeye ni nani! Nikamtazama mama yake. Kainamia sahani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Naomba nijieleze. Mimi ni Yanga, tena Yanga damu damu. Mke wangu ni Simba wa kuzaliwa: baba yake Simba, kaka zake Simba, hata jogoo wao pale Tandika anatembea na kile kilemba chake chekundu kwa maringo kama kasajiliwa. Mtoto alipozaliwa tulinuniana wiki nzima kwa ajili ya blanketi. Mimi nataka kijani, yeye nyekundu. Wakubwa wakaingilia kati, likanunuliwa la bluu, majirani wakadhani tumehamia Azam. Tukaapizana: mtoto asishawishiwe na mtu, akikua atachagua mwenyewe.

Sasa kakua. Nikamwambia, Jumamosi nakupeleka Kariakoo, nakuonyesha nyumba zote mbili, uchague kwa macho yako. Mke wangu akakubali haraka haraka. Hapo ningeshtuka, lakini akili yangu ilikuwa likizo.

Tena niseme ukweli, njia niliipanga kwa hila. Tuanzie Msimbazi, jua kali, mtoto hajala kitu. Tumalizie Jangwani na chipsi kuku na soda ya baridi. Nilitaka tumbo linipigie kura.

Tulipanda mwendokasi, tukabanana kama dagaa wale wale wa mezani, tukashuka Gerezani. Kama hujafika Kariakoo Jumamosi, wewe bado hujasukumwa maishani. Wamachinga wanapiga kelele na spika zao, mikokoteni inapita juu ya vidole, dada anakuvuta mkono, "kaka, kuangalia bure!" Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wenyeji wakalitamka walivyoweza, likakaa. Kwa hiyo kubeba mizigo hapa hakukuanza leo.

Watu wa mikoani wanadhani Kariakoo ni soko. Wapi! Kariakoo ni timu mbili zilizozungukwa na soko. Ndiyo maana mechi yao inaitwa Dabi ya Kariakoo hata ikichezwa Temeke kwenye Uwanja wa Mkapa, ule wa watu 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007. Mwaka 1974 waliipeleka mpaka Nyamagana, Mwanza, Yanga wakashinda 2-1, na bado ugomvi ulikuwa ni wa mitaa hii hii.

Kona ya kwanza tukamkuta kijana ametundika jezi, nyekundu kushoto, kijani na njano kulia, katikati kaacha kiuchochoro cha kupita yeye. Mwanangu akamuuliza, "Anko, wewe ni timu gani?"

"Mimi timu ya mteja," akajibu bila kupepesa macho.

Tukakata Mtaa wa Msimbazi mpaka kwenye jengo la Simba. Ghorofa lenye rangi nyekundu na nyeupe, watu kibao nje, kila mmoja anajua nani asajiliwe na nani atimuliwe. Mimi nilikuwa nimevaa jezi yangu ya Yanga, basi ikawa kasheshe. "Chura huyo, kapotea njia!" "Mvua haijanyesha, umetokaje bondeni?" Mwanangu akanishika mkono kwa nguvu. Nikamwambia usiogope, huu ni utani tu. Watani wa jadi hawapigani, wanachanana.

Pembeni pana mzee wa kahawa na birika lake la mkaa. Tukamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni, hata wewe wa kijani, kahawa haina timu." Akamkatia mtoto kipande cha kashata. Nikaona hila yangu imeanza kuvuja. Chakula cha kwanza cha siku kimetoka Msimbazi!

Mtoto akauliza mwenyewe ni timu ipi ilianza. Mzee, pamoja na Usimba wake wote, hakumdanganya. Akamwambia Yanga ilianza 1935, mwaka uliofuata wakatoka waliotoka, wakaanzisha yao. Imepitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland, mpaka 1971 likapatikana hili la Simba.

"Kwa hiyo ni ndugu?" mtoto akauliza.

"Ndugu kabisa, mjukuu wangu. Ndiyo maana hawaelewani."

Nikamtupia mzee swali langu. Nani alikupa? Akamimina kahawa taratibu, akanitazama kama namuuliza habari za mke wake.

"Baba yangu alikuwa kuli bandarini," akasema. "Mtu mkali, hachekagi. Akirudi sisi watoto tunakimbilia uani. Julai 19, 1977, Simba tukawafunga Yanga sita bila. Kibadeni peke yake alifunga matatu. Baba akarudi jioni anacheka, akaninyanyua juu hivi, mimi mtoto wa miaka kumi. Siku hiyo ndiyo nilijua baba yangu ana meno." Akanyamaza kidogo. "Sasa watu wanadhani niliipenda Simba kwa ajili ya Kibadeni."

Msomaji, mimi nilikwenda pale kuchukua habari ya mpira, nikapewa habari ya mzazi. Na haikuwa ya mwisho.

Tulipoanza kushuka kuelekea Jangwani nilimuuliza kila aliyekuwa na nafasi ya kujibu. Mama lishe mmoja, khanga kiunoni, mwiko mkononi, alisema kwao Tanga wote ni Simba, naye alikuwa Simba. Akaolewa na mwanaume wa Yanga, akahama naye. "Ndoa ikafa mwaka wa nne," akasema, "Yanga ikabaki. Mwanaume kachukua kitanda na redio, timu kaisahau kwangu."

Dereva wa bodaboda akasema yeye timu alipewa na kipigo. Kaka yake alikuwa Yanga na ndiye aliyekuwa anamtwanga kila siku. "Nikasema ya huyu siishangilii mimi. Nikaenda Simba." Siku hizi wanapatana? "Sana tu. Alinisaidia kununua hii pikipiki. Lakini timu sibadilishi, atajiona kashinda."

Binti muuza kava za simu, mzaliwa wa Songea, alisema wao walipata timu redioni. Baba yake alikuwa na redio moja, betri zake zinaanikwa juani zipate nguvu, na mechi ikitangazwa na akina Ahmed Jongo na Charles Hilary nyumba nzima inanyamaza. Yeye uwanja aliuona akiwa mtu mzima, alipokuja Dar kutafuta maisha. "Nilipouona nililia," akasema. "Nilimkumbuka mzee."

Sikatai, wapo wanaofuata ushindi. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na kulikosa kombe mbele ya USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini, jezi za kijani zilijaa mpaka nikashangaa hawa watu walikuwa wapi siku zote. Simba ilipofika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025, ikafungwa na RS Berkane, nyekundu nayo ikafurika mitaani. Lakini hao tuwape muda. Shabiki wa ushindi anapimwa siku ya kipigo. Novemba 5, 2023, Yanga tulipowafunga Simba 5-1, waliobaki na jezi mwilini mpaka kituo cha daladala ndio Simba wenyewe. Na sisi tulionyeshana hivyo hivyo Mei 6, 2012, tulipopigwa tano bila, moja ya penalti kaifunga kipa wao, Juma Kaseja! Kipa! Kuna watu wa Yanga mpaka leo ukitaja siku hiyo wanakumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa wa kumwangalia.

Ndivyo tulivyo. Ukimuuliza Simba historia, inaanzia 1977. Ukimuuliza Yanga, inaanzia Juni 1, 1968, siku ya tano bila dhidi ya Sunderland, halafu inaruka moja kwa moja mpaka 2023. Katikati tulikuwa tumelala.

Na wachezaji? Hao wanakwenda kwenye mshiko, na si kosa lao. Kaseja huyo huyo amewahi kudakia timu zote mbili. Clatous Chama alitoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024 na jua likachomoza kama kawaida. Kiboko ni Haji Manara. Baba yake, Sunday Manara, yule "Computer", alitamba Yanga. Mtoto akawa msemaji wa Simba, akatuchana kwa miaka, halafu mwaka 2021 akahamia Yanga. Vijiweni walibishana mpaka kahawa zikapoa: karudi nyumbani au kasaliti nyumba? Lakini angalia, wewe mlalahoi uliyelipa kiingilio kwa hela ya nauli, ukihama utaambiwa nini mtaani? Kwetu huku mchezaji anahama, kocha anafukuzwa, mwenyekiti anapinduliwa. Shabiki ndiye anayebaki, kama mke wa kwanza.

Tukaingia Jangwani. Kona ya Twiga na Jangwani, jengo letu la kijani na njano. Moyo ukanidunda, nikavuta kifua mbele. Hapa sasa nilikuwa mwenyeji. "Karibu Mwananchi! Huyo dogo naye?" Nikamwonyesha mtoto jengo, nikamwonyesha Uwanja wa Kaunda ambao mvua kubwa zikija unageuka bwawa. Vyura hao, wanasema wenzetu. Na kuna kichekesho kimoja ambacho huwa kinaniuma kidogo: mto unaotufurikia huku bondeni unaitwa Msimbazi. Jina la mtaa wao, maji ya kwetu. Undugu gani huu!

Tukakaa. Chipsi kuku zikaja, soda ikaja, kachumbari juu. Nikasubiri amalize paja la kuku, nikamuuliza kwa sauti ya upole kama ya daktari.

"Haya baba, umeona kote. Umechagua nani?"

"Simba."

Hata hakufikiri! Nikacheka, maana nilidhani ni ile kashata. "Kwa nini? Kwa sababu ya yule babu wa kahawa?"

"Hapana. Kwa sababu ya babu wa Tandika." Akanywa soda. "Mechi ikiwepo babu ananiita. Tunakaa wote kwenye kochi, ananiambia yule nani na yule nani, na ananiachia rimoti. Wewe mechi ikiwepo unaendaga kwa washikaji."

Jamani. Alisema bila hasira wala kulalamika, kama mtu anayekusomea bei ya nyanya. Mimi chipsi ikanikwama.

Maana ni kweli. Yanga ikicheza mimi huyo, Sinza, kwa washikaji, tunapiga kelele mpaka usiku. Mtoto namwachia mama yake, mama yake anakwenda naye kwao. Miaka yote hiyo nilijua nachunga ahadi ya kutomshawishi. Kumbe babu mkwe wala hakushawishi. Alikaa tu naye. Na mke wangu alijua, ndiyo maana alikubali safari upesi vile!

Sasa nikwambie kitu ambacho sikukisema pale mwanzo, msomaji. Baba yangu mimi alikuwa Simba.

Alikuwa dereva wa malori ya Zambia. Anaondoka tunamaliza hesabu za vidole, anarudi, analala siku tatu, anaondoka tena. Aliyekuwa ananishika mkono ni mjomba wa Magomeni, kaka yake mama, Yanga wa kutupwa. Mwaka 1993 Yanga ilipochukua Kombe la Afrika Mashariki na Kati kule Kampala kwa kuifunga SC Villa, mjomba alinibeba mabegani mpaka hapa hapa Jangwani, nikaona dunia nzima ya kijani kutoka juu. Nilikuwa na miaka kumi. Nani angenitoa tena Yanga?

Mwaka huo huo Simba nao wakafika fainali ya Kombe la CAF. Abidjan walitoka bila kwa bila na Stella, marudiano yakawa hapa Dar. Baba akarudi safari wiki ile na fulana nyekundu, zawadi yangu, twende wote Taifa. Nikaivaa. Ikakwama shingoni, mikono haipiti. Alikuwa amenunua ya mtoto wa miaka mitano, yule aliyekuwa anamkumbuka kichwani. Nikaivua nikamwambia, "Hainitoshi. Halafu mimi Yanga bwana."

Alikwenda peke yake. Simba wakafungwa mbili bila nyumbani. Usiku aliporudi mimi nilikuwa mlangoni, naimba nyimbo alizonifundisha mjomba. Hakunipiga, hakufoka. Alisema tu, "Kalale, mwanangu." Kesho yake alfajiri lori likaondoka.

Mzee alishatangulia mbele ya haki. Tulipatana baadaye, tulitaniana sana, lakini uwanjani hatukuwahi kwenda pamoja hata siku moja. Nikiwa nimekaa pale Jangwani na mifupa ya kuku mbele yangu ndipo nilipoelewa kwamba ile siku hakuwa ananipa timu. Alikuwa anataka tukae wote dakika tisini. Na mimi, kwa ujanja wangu wote wa mjini, nimegeuka dereva wa lori ambaye haendi hata Zambia, anaishia Sinza.

Nikalipa. Tukapanda tena, tukarudi mpaka kwa yule kijana wa jezi. Nikanyoosha kidole upande wa kushoto.

"Nyekundu? Ya nani?"

"Ya huyu."

"Saizi ya ngapi, mzee?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Sikuijua. Nikamwambia mtoto avae pale pale barabarani, watu wanatupita na mafurushi. Ya kwanza ikambana, nikamvua. Ya pili ikakaa vizuri, ikaacha na nafasi kidogo ya kukua. Kijana akatazama kifua changu cha njano na kijani, akatazama hela ninayohesabu, akacheka: "Si nilikwambia? Timu ya mteja."

Kwenye mwendokasi kila mtu alitutazama, chura na mnyama wameshikana mikono. Mke wangu alipofungua mlango alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Basi nimeshatuma ujumbe Tandika. Dabi ijayo washikaji wasinisubiri, nitakuwa kwenye kochi la baba mkwe, na jezi yangu ya kijani. Mkwe kwa mila zetu hataniwi, unamwamkia unainamisha macho, lakini Simba na Yanga imetupa ruhusa. Mzee mwenyewe kanijibu kwa maneno sita: "Njoo, chura. Utakaa karibu na mlango."

Nitakaa popote. Mtoto awe katikati.

Na wewe msomaji, nani alikupa? Kama bado yupo hai, mpigie simu leo. Kama mnapingana timu, mtukane kidogo, ndiyo salamu zenyewe. Tukijaliwa, wiki ijayo.